Mwanga Kinywani: Je, Tiba ya Meno Inayotumia Taa ni Salama kwa Tishu Hai?

Bibi mmoja mkazi wa Mbagala alimleta mjukuu wake wa miaka tisa katika kliniki ya meno. Mtoto alikuwa na jino lililotoboka, na usiku uliotangulia hakulala kwa maumivu. Walipokaribia kuitwa, mlango ulifunguliwa na bibi akaona ndani taa ndogo ya bluu ikimulika kinywa cha mgonjwa mwingine, huku daktari akiwa amevaa miwani ya rangi ya chungwa. Bibi alisimama, akamshika mjukuu mkono na kuelekea nje. Daktari alimfuata hadi ukumbini.

"Shikamoo, bibi. Mbona mnaondoka na zamu yenu imefika?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo taa si ndiyo mionzi ya saratani? Mbona wewe umejikinga macho na mgonjwa umemwacha?"

Mwandishi wa makala haya alikuwa katika foleni hiyohiyo na aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Swali la bibi lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilitokana na hofu isiyo na msingi. Sehemu ya pili ilikuwa na haki kabisa, na daktari alikiri hivyo: mgonjwa naye alistahili miwani.

Wiki chache baadaye, nyumbani kwa mwandishi kulitokea kisa cha kinyume. Mdogo wake wa kike alirudi kutoka saluni alikolipa fedha ili meno yang'arishwe kwa dawa na taa ya bluu. Fizi zake zilikuwa zimebadilika rangi na kuwa nyeupe, na maji baridi hayakunyweka kwa siku mbili. Yeye hakuwa na hofu hata kidogo. Alichokosa ni swali la kuuliza kabla ya kuketi.

Hofu ya bibi ingeweza kumgharimu mtoto jino, na kutojali kwa binti kulimgharimu fizi. Somo hili limeandaliwa ili mkazi ajue taa hizi ni nini, zinafanya nini katika tishu hai, yaani fizi, ulimi, mashavu na kiini cha jino chenye neva na damu, na ni maswali gani aulize kabla ya kukubali tiba. Makala haya hayatangazi huduma mpya. Lengo lake ni kutoa elimu tu.

1. Mwanga na mionzi: tuanze na tofauti

Neno "mionzi" hutumiwa mitaani kwa kila kitu kinachong'aa katika chumba cha daktari, na hapo ndipo hofu inapozaliwa. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na urefu wa mawimbi hayo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Mwanga ambao jicho la binadamu huuona uko kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Bluu iko upande wa mawimbi mafupi, na nyekundu upande wa mawimbi marefu.

Mionzi ya eksirei ina mawimbi mafupi mno na nguvu kubwa kiasi cha kuweza kuvunja kemikali za urithi ndani ya chembe hai. Ndiyo sababu mashine za eksirei nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Taa ya bluu ya daktari wa meno hutoa mwanga wa kati ya nanomita 400 na 500. Huo ni mwanga wa kuonekana, na hauna nguvu ya aina ile ya eksirei.

Hata hivyo, hofu ya watu haikutoka hewani. Katika miaka ya 1970, taa za kwanza za kugandisha dawa ya kuziba meno zilitumia mionzi ya urujuanimno, ambayo ni ileile ya jua inayounguza ngozi. Wataalamu waliona hatari hiyo, na taa hizo zikaachwa kwa kupokewa na za mwanga wa bluu.

Tena, bluu si ngeni katika hospitali. Mtoto mchanga mwenye manjano hulazwa chini ya taa za bluu ili mwanga uibadilishe sumu ya manjano iliyo katika ngozi yake iweze kutoka mwilini. Ugunduzi huo ulianzia Rochford nchini Uingereza mwaka 1956, pale muuguzi aliyekuwa akiwatoa watoto njiti juani, Dada Ward, alipoona kwamba ngozi iliyopigwa na jua ilipoteza umanjano wake. Mama aliyewahi kulaza mtoto chini ya taa hizo atakumbuka jambo moja: macho ya mtoto hufunikwa. Kanuni hiyo tutaikuta tena mbele.

2. Taa ya bluu ya kuziba jino

Hii ndiyo taa ambayo wakazi wengi watakutana nayo. Daktari akishasafisha tundu la jino, hujaza kijazio laini chenye rangi ya jino. Kijazio hicho hakigandi chenyewe mpaka kimulikwe, kwa kawaida kwa sekunde 10 hadi 40 kwa kila tabaka. Tabaka moja haipaswi kuzidi milimita 2 hivi, kwa kuwa mwanga hauzami zaidi ya hapo kwa nguvu inayotosha.

Matumizi ya kijazio hiki yanaongezeka kwa sababu ya zebaki. Kijazio cha zamani chenye rangi ya fedha huchanganywa na zebaki, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 unazitaka nchi kukipunguza. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hapana budi. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Kwa hiyo mtoto wa leo ana uwezekano mkubwa wa kukutana na taa ya bluu kuliko mzazi wake alivyokuwa.

Hatari za taa hii kwa tishu hai ni tatu.

Ya kwanza ni macho. Mwanga wa bluu mkali ukitazamwa moja kwa moja unaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Anayekabiliwa zaidi ni daktari na msaidizi wake, ambao huiona taa kila siku, lakini mgonjwa naye akingwe. Miwani ya rangi ya chungwa si pambo, kwani rangi hiyo huzuia bluu isipite.

Ya pili ni joto. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walichapisha matokeo ya jaribio la kupasha joto meno ya nyani. Kiini kilipopanda kwa nyuzi joto 5.5 pekee, takriban meno 15 katika kila 100 yalikufa. Hadi leo kipimo hicho hutumiwa kama mpaka wa tahadhari. Daktari makini huzuia joto kwa kupumzisha taa kati ya tabaka na tabaka, kupuliza hewa, na kutoishikilia taa juu ya fizi. Mgonjwa akisikia moto ainue mkono mara moja. Penye ganzi hatausikia, na hapo uangalifu wa daktari ndio kinga yake.

Ya tatu huwashangaza wengi: mwanga hafifu. Taa iliyochoka, yenye betri dhaifu au kioo kilichochafuka kwa mabaki ya dawa, hugandisha sehemu ya juu na kuacha ya chini ikiwa mbichi. Kijazio kibichi huachia kemikali zinazoweza kukiudhi kiini cha jino, na baadaye hung'oka. Kwa hiyo mwanga pungufu nao una madhara, kama ulivyo mwanga uliozidi. Kliniki nzuri huipima taa yake mara kwa mara kwa kifaa maalumu.

Mzazi ajue pia kwamba kuna njia isiyohitaji taa kabisa, na asili yake iko hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, Dkt. Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Dar es Salaam walibuni utaratibu wa kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine ya kukereza, kisha kuziba kwa dawa inayoganda yenyewe. Nia ilikuwa kuwafikia watu wasio na umeme wala kliniki. Utaratibu huo leo unatumika katika nchi nyingi duniani.

3. Tiba ya rangi na mwanga

Aina ya pili ya tiba inafahamika kwa wachache. Hapa mwanga haugandishi kitu. Kazi yake ni kuamsha dawa ili iue vijidudu. Daktari hupaka dawa ya rangi, kwa mfano bluu ya methilini, ndani ya mfuko wa fizi iliyougua au ndani ya mzizi wa jino. Baada ya dakika chache humulika sehemu hiyo kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 670 hivi.

Mkazi anayetaka kuelewa mwanga unavyoamsha dawa amkumbuke mtu aliyekamua ndimu nyingi kisha akakaa juani bila kunawa. Baada ya siku chache mikono hutoka mabaka meusi, pengine malengelenge. Ndimu peke yake isingemfanya hivyo, wala jua peke yake lisingemfanya hivyo kwa muda mfupi namna ile. Viwili vilipokutana juu ya ngozi, kemikali ya ndimu iliamshwa na jua ikaunguza.

Sayansi iliitambua kanuni inayofanana na hiyo huko Munich, Ujerumani. Mwanafunzi Oscar Raab aliyekuwa chini ya Profesa Hermann von Tappeiner alikuwa akiweka rangi katika maji yenye viumbe wadogo wa chembe moja. Aliona kwamba viumbe hao walikufa kwa kasi tofauti kulingana na mwanga uliokuwamo chumbani. Akachapisha matokeo yake mwaka 1900. Baadaye von Tappeiner na mwenzake Jodlbauer walionyesha kwamba kitu cha tatu kinahitajika, nacho ni oksijeni.

Basi tiba hii husimama juu ya mafiga matatu: rangi, mwanga na oksijeni. Rangi hupokea nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni. Oksijeni hiyo huwa kali kwa muda mfupi sana na kutoboa kuta za bakteria walio jirani. Ukiondoa figa moja, chungu hakikai.

4. Mbona inaua bakteria na kuacha fizi?

Hili ndilo swali kubwa la somo. Ikiwa oksijeni hiyo inatoboa bakteria, kwa nini isitoboe fizi? Sababu ni nne, na kila moja ina mpaka wake.

Kwanza, oksijeni iliyoamshwa huisha nguvu kabla hata ya kusafiri sehemu moja ya elfu ya milimita. Hudhuru kile kilichogusana na rangi tu. Mpaka wake ni kwamba rangi ikiachwa muda mrefu au ikiwekwa nzito mno, huzama pia katika chembe za fizi.

Pili, rangi zinazochaguliwa zina chaji chanya ya umeme, ilhali kuta za bakteria zina chaji hasi. Hivyo bakteria huinasa rangi haraka kuliko chembe za binadamu. Hii ni tofauti ya kasi tu. Muda ukirefushwa, tofauti hiyo hupungua.

Tatu, chembe za mwili wetu ni kubwa, zina kinga dhidi ya oksijeni kali na uwezo wa kujitengeneza. Kipimo kinachomaliza bakteria huweza kuiacha chembe ya fizi ikiwa hai. Kipimo kikiongezwa kiholela, nayo hufa. Majaribio ya maabara yameonyesha pande zote mbili.

Nne, dawa hupakwa mahali pamoja na kusuuzwa. Hapa pana tofauti na tiba ya saratani inayotumia kanuni hiyohiyo, ambamo dawa hudungwa katika mshipa na kuenea mwilini. Mgonjwa wa aina hiyo hulazimika kujikinga na jua kwa wiki kadhaa, lakini mgonjwa wa fizi aliyepakwa tone la rangi hatembei na hatari hiyo.

Kwa ufupi, usalama wa tiba hii unatokana na kipimo: uzito wa rangi, muda wa kusubiri, nguvu ya mwanga na sekunde za kumulika. Kipimo kikiwa sahihi, madhara yanayoripotiwa kwa kawaida ni madogo: rangi kubaki kwenye meno au ulimi kwa muda, hisia ya joto, na maumivu mepesi. Kwa macho kanuni ni ileile ya mtoto wa manjano. Mwanga wa leza huenda kwa mstari mwembamba na huweza kuakisiwa na kifaa cha chuma, hivyo kila aliyemo chumbani avae miwani inayolingana na rangi ya leza hiyo. Miwani ya chungwa ya taa ya bluu haizuii mwanga mwekundu.

5. Nani lazima aseme kabla ya kumulikwa

Daktari hawezi kujua usichomwambia. Mkazi aliye katika kundi lolote kati ya haya aseme mapema:

- Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyopo kwa wingi katika maeneo yenye historia ya malaria kama Pwani yetu. Bluu ya methilini ikiingizwa kwenye mshipa huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu huyo. Kiasi cha kupaka kinywani ni kidogo, lakini daktari ana haki ya kujua ili achague njia nyingine.
- Mwenye ualbino. Mwanga wa kuonekana si jua la urujuanimno, ila macho yake yana upungufu wa rangi inayokinga, hivyo miwani ni ya lazima tangu mwanzo hadi mwisho.
- Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hasa kama hakuwekewa lenzi.
- Anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa mwili kuathiriwa na mwanga, kama doksisaiklini, dawa zenye salfa, griseofulvini ya mapunye, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu.
- Mwenye ugonjwa wa lupasi au ugonjwa wowote unaochochewa na jua.
- Mjamzito na anayenyonyesha. Tiba ya rangi inaweza kusubiri au kubadilishwa, lakini uvimbe na usaha havipaswi kusubiri. Atibiwe kwa njia nyingine.
- Aliyewahi kupata mzio wa rangi au dawa yoyote ya kinywa.

6. Usalama si sawa na ulazima

Jambo linaweza kuwa salama na bado likawa halina haja. Mwongozo wa Ulaya wa kutibu ugonjwa wa fizi uliochapishwa mwaka 2020 ulipendekeza kwamba tiba ya rangi na mwanga isiongezwe juu ya usafishaji wa kawaida wa fizi, kwa sababu faida ya ziada haikuonekana bayana. Msingi wa tiba ya fizi ni uleule: kuondoa ugaga juu na chini ya fizi, kupiga mswaki vizuri mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kuacha tumbaku.

Kwa hiyo mkazi akiambiwa kwamba fizi zake haziponi bila taa ya gharama kubwa, aulize kwanza kama ugaga umeondolewa. Taa haitoi ugaga. Haitoi usaha uliojikusanya, wala hairudishi mfupa ulioliwa.

Kuhusu kung'arisha meno, kazi hufanywa na dawa ya peroksaidi, na taa huongeza kidogo sana au haiongezi kitu cha kudumu. Fizi za yule binti ziliunguzwa na dawa iliyovuja kwa sababu hakuna aliyezikinga, wala hakuna aliyekagua kwanza kama ana meno yaliyotoboka. Taa ilikuwepo, lakini kosa lilikuwa la mkono uliokosa mafunzo.

7. Maswali sita ya kumuuliza mtoa huduma

1. Taa hii inagandisha kijazio, inaamsha dawa, au inang'arisha meno?
2. Je, wewe umesajiliwa? Madaktari wa meno nchini husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuuliza si utovu wa adabu.
3. Miwani yangu iko wapi?
4. Utamulika kwa muda gani, na nikisikia moto nifanye nini?
5. Kuna njia nyingine isiyotumia taa, na tofauti ya gharama ni ipi?
6. Nikipata tatizo usiku nimtafute nani?

Mtoa huduma anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukupa jibu. Ukipata malengelenge, uvimbe, fizi kubadilika rangi, au ukungu machoni baada ya kumulikwa, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri. Wakazi wa Temeke wanaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Madhara yanayodhaniwa kusababishwa na dawa au kifaa tiba huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mhudumu wa kituo anaweza kukusaidia kujaza taarifa.

8. Maswali ya kujipima

Wasomeeni watoto wa darasa la sita na kuendelea, kisha jibuni pamoja. Majibu yamo katika somo.

a) Taja mafiga matatu ya tiba ya rangi na mwanga.
b) Kwa nini taa hafifu ni hatari kwa jino lililozibwa?
c) Kwa nini miwani ya taa ya bluu haitoshi kwa leza nyekundu?
d) Jirani yako anatumia doksisaiklini na anakwenda kutibiwa fizi kwa mwanga. Utamshauri nini?

Tumalizie pale tulipoanzia. Yule bibi hakuondoka. Daktari alimwingiza chumbani, akamwonyesha taa, akaimulika juu ya kucha ya kidole chake mwenyewe kwa sekunde chache, kisha akatoa miwani nyingine mbili kutoka sandukuni. Mtoto alivaa moja na bibi akavaa ya pili. Jino lilizibwa asubuhi ileile. Walipotoka, bibi aliwageukia waliobaki kwenye foleni akasema, "Ingieni, lakini kila mtu adai miwani yake."